Lugha ya Kufichia Maneno

Jumanne, 2 Julai

Leo nimempeleka mjukuu wangu Nerisa kuandikishwa chekechea. Mvua ilitusindikiza toka nyumbani hadi mlangoni pa shule. Mwalimu Sylvanie ni msichana wa mjini, wa Roseau, kucha zimepakwa rangi, hajafika thelathini. Lakini ana adabu. Alinipa kiti kabla hajauliza chochote, kisha akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Unaitwa nani, mrembo?"

Kimya.

"Una miaka mingapi?"

Kimya. Nerisa anatazama zile kucha. Nikajibu mimi: ana mitatu na mwezi mmoja.

"Bibi, nina watoto kumi na wanane na msaidizi mmoja," mwalimu akasema. "Sihitaji ajue kusoma. Nahitaji awe ameacha nepi, na aweze kuomba. Maji, choo, na akiumwa aseme. Kama hawezi kufikia Septemba, bora asubiri mwaka mmoja nyumbani."

Nyumbani wapi? Claudine, binti yangu, mama yake Nerisa, yuko Guadeloupe mwaka wa pili sasa, anasafisha vyumba hotelini. Ameshasema: shule ikimkataa, atakuja kumchukua mtoto aonwe na madaktari wa huko. Analala chumba kimoja na wanawake wawili. Mtoto atashinda na nani?

Alianza vizuri huyu, maneno mawili matatu, kisha akanyamaza. Nesi wa zahanati amempima masikio. "Anasikia vizuri sana," akaniambia. Anacheka panapochekesha, ukimtuma analeta. Hasemi tu.

Wakati wa chakula tumelizungumza, mimi na mume wangu Philbert, kwa Patwa, Krioli yetu ya Dominika, kama kawaida yetu tukiwa na neno la watu wazima. Kiingereza ndicho cha kusema na mtoto.

"Wakimkataa, Claudine anakuja na boti," nikamwambia.

"Taratibu. Mtoto yupo."

"Hasikii Patwa huyo."

Nerisa alikuwa chini ya meza, anapanga vifuniko vya chupa.

Jumatano, 3 Julai

Siku ya kwanza bila nepi. Nimedeki mara tano.

Alhamisi, 4 Julai

Mara sita. Philbert anasema tungoje jua. Nimemuuliza jua na haja ndogo vina undugu gani.

Jumapili, 7 Julai

Claudine alipiga simu baada ya misa. "Mpe mtoto." Nikampa. Nerisa akaishika kwa mikono miwili, akawa anapumua tu ndani yake. Mama yake akaita, akabembeleza, hata kuimba akaimba. Hakupata kitu.

"Mama, huyu mtoto ana tatizo na wewe hutaki kuliona."

"Tatizo lake ni mama yake kuwa ng'ambo ya maji."

Akakata simu. Nimejuta kabla sijaweka simu mezani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Yeye hakwenda huko kustarehe, najua. Viatu vya shule ametuma yeye. Ila ana moyo mgumu yule, sijui kautoa wapi.

Ijumaa, 12 Julai

Ma Ozilia, jirani, amekuja na kifaranga ndani ya kofia. Eti kifaranga akilia mbele ya mdomo wa mtoto, ulimi unafunguka. Nikamwambia mimi nimekuwa mkuu wa posta miaka thelathini na moja, siwezi kuamini mambo hayo. Kisha nikamwambia afunge mlango, watu wasione.

Kifaranga akalia. Nerisa akafungua mdomo, akamtazama, akamchukua, akamtia ndani ya gauni lake. Basi. Ozilia amemwachia. Sasa nina mtoto asiyesema na kifaranga asiyenyamaza.

Alhamisi, 18 Julai

Mkavu kutwa nzima! Philbert kacheza jikoni.

Jumapili, 21 Julai

Mvua. Mtandao hakuna, simu hakuna.

Jumamosi, 27 Julai

Nimeshona sare. Kitambaa cha miraba ya buluu, pindo nimeacha refu maana watoto hukua upesi. Alisimama juu ya stuli nikimpima, amenyoosha mikono, mtulivu. Ni mtoto mzuri mno. Nimetaka kulia, nikatafuta pini.

Mchana nikaamua sasa basi, kuchekeana mwisho. Nikajaza kikombe maji, nikakishika juu. "Sema 'maji', nikupe." Nikamtamkia kwa Kiingereza, polepole, mara kumi, mara ishirini. Akanitazama. Nusu saa nzima amesimama, midomo imemkauka, joto la kukata pumzi. Mimi ni mkaidi, na yeye damu yangu. Mwisho akageuka, akatoka nje, akainama kwenye kopo la kuku, akanywa.

Philbert alikuwa mlangoni. "Unamtesa," akaniambia kwa Patwa.

"Namwandaa."

"Unamwandaa kwa shule au kwa jela?"

Hatujasemezana mpaka sasa. Lile kopo nimelisugua kwa majivu, kana kwamba ubaya ulikuwa kwenye kopo.

Jumapili, 4 Agosti

Claudine amekata tiketi. Anafika Jumamosi ya tarehe 31. "Jumatatu tunaenda naye shule. Wakimkataa, Jumatano naondoka naye." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Tulikuwa tunamenya shelisheli mimi na Philbert, kisu chake na kisu changu. "Ataondoka huyu," nikamwambia kwa Patwa. "Ataondoka na nyumba hii itabaki na kuku."

"Mtoto, Virgilia. Mtoto yupo hapo."

"Nimeshakwambia hasikii."

Nerisa akainuka na kifaranga wake, akaenda nje.

Jumatano, 7 Agosti

Anakwenda poti mwenyewe sasa, anajikalia, anamwaga mwenyewe, anaosha mwenyewe. Hamwombi mtu. Mwalimu atasema nini kuhusu mtoto asiyeomba?

Jumanne, 13 Agosti

Redio inasema kimbunga kinakuja. Philbert amepigilia mbao madirishani. Nimepika magimbi ya siku mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Kutwa ndani, gizagiza, upepo unabisha hodi kila upande. Bati za paa zimeshika. Tumesali. Tumezungumza, na humu ndani tungezungumza nini tena? Boti. Tarehe 31. Nani atamfunga nywele huko. Yote kwa Patwa. Nerisa alikuwa katikati yetu kitandani, macho juu darini, anausikiliza upepo, nilidhani.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka. Niandike tu kama ilivyokuwa.

Asubuhi mvua ilikatika. Philbert alishakwenda shambani kuona migomba iliyolala. Mimi nikazunguka nyuma kuokota mabati ya banda la kuku. Kabla sijakata kona nikasikia mwanamke anagomba. Anagomba kwa Patwa, tena ile ya mkono kiunoni: "Toka hapo wewe! Kula unakula, kutaga hutagi. Unaniona mimi mjinga?" Nikajua ni Ozilia. Maneno ni yangu mwenyewe, ndiyo ninayowaambia kuku kila asubuhi, nikaona huyu sasa ananiiga, ananifanyia mzaha kwangu. Nikakata kona nimeshajiandaa kumjibu.

Hakuwa Ozilia. Alikuwa Nerisa, peku kwenye tope, anamsimanga kuku mwekundu.

Nikarudi nyuma ya pipa la maji. Nina miaka sitini na tatu, na nilichuchumaa nyuma ya pipa. Alipomalizana na kuku mwekundu akamchukua yule kifaranga wake, akaketi, akamweka mapajani. Sauti ikashuka. Patwa safi, hakuna neno lililopinda.

"Usilie," akamwambia. "Ukilia watasema una tatizo. Claudine anakuja na boti. Mimi nikienda, Babu atakupa mahindi. Bibi atabaki na kuku. Wewe nyamaza tu. Sisi hatusikii."

Sijui nilitoa sauti gani. Akageuka, akaniona. Na hapo, bila kungoja, akainua mkono wake mwenyewe akajipiga midomoni kwa vidole viwili.

Kwa vidole viwili. Nilivijua vile vidole. Ni vyangu.

Nerisa alikuwa na mwaka na nusu. Alikuja jikoni akashika sketi yangu akasema "dlo". Maji, kwa Patwa. Lilikuwa neno lake la kwanza au la pili. Nami nikamgusa midomo kwa vidole viwili, kofi la mzaha, halikuumiza: "Hapana. Hiyo si ya watoto." Kesho yake tena, "dlo", tena vidole. Mara kumi labda. Kisha akaacha, nikashukuru Mungu kwamba amefahamu. Nililisahau kabisa. Kwangu halikuwa jambo, maana mimi sikupigwa kwa vidole, nilipigwa kwa rula. Nilikuwa na miaka sita, darasa la kwanza, nikanyanyua mkono nikaomba kwenda nje kwa Patwa, lugha pekee niliyokuwa nayo. Nikapigwa viganja vyote viwili, na wakati napigwa kikanitoka kile nilichoombea ruhusa. Nikarudi nyumbani na sketi inayonata miguuni. Siku ile niliapa mtoto wangu ataingia shule na Kiingereza kitupu. Claudine aliingia hivyo. Nikajiona nimeshinda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miezi yote hii namtafuta mbaya wa mtoto huyu kwa nesi na kwenye kofia ya Ozilia. Mtoto yuko hapa, amebeba lugha nzima, anawapa kuku kwa sababu kuku hawana vidole. Na kila tulichokificha amekisikia. Kila neno. Tuliongea juu ya kichwa chake kama watu wanaoongea mbele ya kabati.

Nikaenda nikaketi kwenye tope kando yake. Akatazama mikono yangu, si uso. Nikaikalia, nikaiweka yote miwili chini ya mapaja. Kisha nikamwambia kwa Patwa, mimi ambaye sikumbuki kumwambia mtoto yeyote neno la Patwa, hata wa tumbo langu:

"Nina kiu, mwanangu. Nipe dlo."

Hakuinuka. Yule kifaranga alilia. Nikarudia: "Nipe dlo, tafadhali."

Akainuka, akachukua kopo la kuku, akalichovya kwenye pipa, akanijia taratibu asimwage.

"Shika," akasema. "Dlo."

Nimelinywa lote.

Ijumaa, 16 Agosti

Hanyamazi. Philbert amemuuliza tangu lini anajua haya yote, akajibu, "Tangu mezani." Babu yake anacheka, mimi kila anachosema mtoto kinanichoma. Leo kaniuliza kama boti ina choo.

Jumapili, 18 Agosti

Simu. Nikamwambia Claudine, "Sema naye Patwa."

"Wewe, Mama? Wewe ndiye unaniambia niseme Patwa?"

"Mimi."

"Ulinipiga mdomo mpaka nikaja huku, wanakosema Patwa kama yetu, sijui kuomba hata ndoo. Wenzangu hotelini wamenicheka mwaka mzima. Mdominika gani huyu asiyesikia Patwa, walisema. Nilijifunza usiku, kwa kurudiarudia, lugha ya mama yangu mwenyewe."

"Najua."

"Hujui."

"Basi sasa najua. Nisamehe."

Sijawahi kumwambia neno hilo. Hakulijibu. Ule moyo mgumu, niliokuwa nauliza kautoa wapi, nimepata jibu. Nikampa Nerisa simu. Claudine akasema kitu, sikukisikia, nikasogeza sikio. Nerisa akafikiri.

"Boti yako ina viti vingapi?" akamuuliza.

"Kwa nini, kipenzi?"

"Babu, Bibi, na kuku wangu."

Claudine alilia. Tangu aende sijawahi kumsikia akilia, wala siku alipoagana nasi bandarini.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekwenda kwa Mwalimu Sylvanie, nimemshika Nerisa mkono. "Anaongea," nikamwambia.

"Afadhali! Kiingereza?"

"Patwa."

Uso ukamshuka. "Bibi, mimi sisikii Patwa. Mama na nyanya yangu waliiongea wakitaka kunificha mambo."

Nilitaka kumkasirikia, mwalimu mzima. Kisha nikaona nitamkasirikia nani? Amelelewa na wanawake kama mimi.

"Ulisema aweze kuomba," nikamwambia. "Kuomba anaomba. Hukusema kwa lugha gani."

Akanitazama, akatazama kucha zake. "Ni kweli. Sikusema. Ila nitamwelewaje?" Akavuta karatasi kubwa ya kubandika ukutani na kalamu nene. "Niandikie."

Miaka thelathini na moja posta nimesoma mwandiko wa kila mtu katika wilaya hii, hata wa walevi. Nikashika ile kalamu nisijue pa kuanzia. Patwa hakuna aliyenifundisha kuiandika; nilifundishwa kuimeza. Nikaandika kama inavyosikika, na maana yake kwa Kiingereza kando. La kwanza, dlo. Kisha haja ndogo, haja kubwa, njaa, tumbo linauma, nimeanguka, amenipiga, baridi, usingizi, imetosha. Maneno kumi.

"Na akitaka kwenda nyumbani?" mwalimu akauliza.

Nikaandika na hilo.

Akayasoma kwa sauti, moja moja, anayavunja mifupa. Alipofika kwenye tumbo Nerisa akashindwa kuvumilia. "Si hivyo," akasema kwa Patwa, akalitamka sawasawa, akangoja mwalimu arudie. Neno lake la kwanza shuleni ni kumsahihisha mwalimu.

"Huyu kweli ni mjukuu wako," Sylvanie akasema. Hata hivyo hajaniahidi. "Mlete Jumatatu ya kwanza. Tuone siku yenyewe inavyokwenda."

Alhamisi, 22 Agosti

Mvua. Tumefanya mazoezi ya kufungua chupa ya maji. Anaweza. Kuifunga ni habari nyingine.

Jumatatu, 26 Agosti

Ameniomba haja ndogo mara kumi na nne, na mara kumi na mbili hakuwa na haja. Anafurahia tu kuomba.

Jumamosi, 31 Agosti

Claudine amefika. Amekonda, na nywele kazikata. Nerisa alijificha nyuma ya miguu ya Philbert, akachungulia, akamwambia, "Kuku wangu amekua." Wakaenda kumtazama. Walikaa kule nyuma hadi jua linazama, na mimi nikabaki jikoni nikijizuia kwenda kusikiliza nyuma ya pipa.

Amekuja na mabegi mawili. Moja lina nguo zake. La pili nimelinyanyua kulisogeza, likawa jepesi. Halina kitu.

Jumapili, 1 Septemba

Baada ya misa nimemuuliza juu ya lile begi. "Nitaona kesho, Mama," akanijibu. Sina haki ya kumsukuma. Nimepiga sare pasi mara mbili.

Jumatatu, 2 Septemba

Tulikwenda wote wanne, Philbert na shati la misa. Watoto wanalia kila kona, mmoja kashika nguzo ya lango hatoki. Nerisa hakulia. Alitazama ukuta, akaona ile karatasi, wala hakujua ni yake.

Mwalimu akapiga magoti kama siku ile. "Unaitwa nani, mrembo?"

Kimya. Nikahisi Claudine ananitazama. Watoto wanalia, dakika zinapita, Nerisa anahama mguu huu kwenda huu. Nikamjua. Nilijua anachotaka, na mdomo wangu ulishafunguka kumsemea, Claudine akanishika mkono. "Mwache," akasema.

Nerisa akamvuta mwalimu kidole. Akaomba, kwa Patwa, taratibu, akitamka kila kipande kama anamfundisha. Sylvanie akageuka ukutani, macho yakashuka mstari wa kwanza, wa pili. Akasimama mbio, akamshika mkono. Waliporudi sare ilikuwa kavu, na Nerisa anamwonyesha mwalimu jinsi ya kusema asante.

Kavu. Mimi nilikuwa na miaka sita, na yeye ana mitatu.

"Nerisa," akamwambia mwalimu, hakuulizwa tena. "Jina langu." Kisha akakaa chini penye vibao vya rangi, akatugeuzia mgongo, akaanza kupanga.

"Basi mwacheni," Sylvanie akatuambia. "Saa sita mje mumchukue. Kesho pia mlete, na keshokutwa."

Philbert akapenga kamasi. Tukasimama mlangoni kama wageni wasiojua kuaga. Nikamwinamia Claudine sikioni, na kwa mazoea ya maisha yangu yote nikamnong'oneza kwa Patwa: "Lile begi lako tupu utalijaza nini?"

"Magimbi, Mama," akasema. "Na kakao. Na Krismasi nakuja tena."

"Basi twende upesi, kabla sijalia mbele ya mtoto."

Nerisa hakugeuka. Aliweka kibao chekundu juu ya cha manjano, akakinyoosha.

"Nasikia," akasema.